Eda ya Tumbawe la Jibondo

Mnyoo wa kwanza Sekela Mwalwanda alimwona Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye kioo cha mbele cha Bwawa Kuu. Alizamisha mkono hadi begani, akamfuta kwa kidole kabla ya mtu mwingine kumwona.

Alikuwa mdogo kama dengu, bapa, rangi ya kutu, na nyuma alikuwa na vimkia viwili. Sekela alitazama kushoto na kulia kama mtoto aliyechota sukari, kisha akaendelea kukagua kioo. Akamwona wa pili. Akamwona wa tatu na wa nne wamekaa pamoja wanaota taa. Kufikia saa sita alikuwa ameshafuta kumi na saba, na mtu akishafuta minyoo kumi na saba, awe mkaidi kiasi gani, anajua kwamba kidole si dawa.

Mtu mwingine yeyote katika jengo lile angejiuliza wametoka wapi. Sekela hakujiuliza. Alijua siku, alijua saa, alijua mpaka pembe ya pango la mawe walikoanzia. Ndiyo maana hakula mchana ule.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa kiwanda cha chai, kwenye mteremko wa juu ya mji wa Tukuyu. Maji ya pwani yalipopata homa isiyoshuka na miamba ikaanza kufa mmoja baada ya mwingine, watu walitafuta mahali penye baridi na mvua ya kutosha, na mvua ya Tukuyu haijawahi kumwonea mtu haya. Waliikinga, wakaichanganya na chumvi ya magunia, wakajenga bwawa la saruji lenye kioo upande mmoja. Humo wakahifadhi matumbawe mia mbili na kumi na mawili, kila moja na kibao chake: jina la mahali lilikotoka na jina la ukoo uliolileta. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Salamu, koo hizo zilipanda milima kuja kuyaona. Hivyo watu wa Tukuyu, ambao wengi wao bahari waliiona kwenye kalenda, ndio wakawa walezi wa kilichobaki. Sekela alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kwao ni nyumba tatu kutoka getini, na kazi ile aliipenda kupita kiasi. Huko kupita kiasi ndiko kulikomponza.

Kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Tumbawe jipya halikuingia Bwawa Kuu. Lilikaa siku arobaini peke yake kwenye tangi dogo, chumba cha pili, maji yake mbali, na wafanyakazi wa pwani wakakuita huko kukaa eda kwa sababu, walisema, limefiwa na bahari. Siku ya arobaini lilioshwa. Lilizamishwa kwenye beseni la dawa, likatikiswa taratibu, na chochote kilichojificha ndani yake kikaanguka chini. Msimamizi wa eda na wa kuosha alikuwa Makame Khatibu, Mpemba mwenye sauti nzito na daftari safi, mtu ambaye hata kijiko cha chai alikisuuza mara mbili.

Tumbawe la Jibondo halikuoshwa.

Lililetwa na Bi Somoe Bakari, mama mtu mzima kutoka kisiwa hicho, ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko. Alisafiri siku mbili na ndoo kaipakata. Tumbawe lenyewe lilikuwa kubwa kama ngumi, na kule lilikotoka hakukuwa tena na lingine lililo hai. "Huyu ndiye aliyetubakia," alimwambia Sekela, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Mwanangu, sina maneno mengi. Nitazamie."

Siku ya kumi na tatu ya eda lilianza kupauka. Siku ya kumi na tisa lilikuwa jeupe upande mzima, maana taa za chumba kile ni hafifu na maji yake hayatembei. Sekela alimwendea Makame, akamwomba lihamishwe mapema.

"Dada, hapana," Makame alisema. "Mie mwenyewe linaniuma. Lakini likifa hapa, limekufa peke yake. Halikuwaua wenziwe."

Sekela alisubiri wenzake waende kula. Akalichukua, akalipeleka Bwawa Kuu, akalificha nyuma ya pango ambako taa ni kali na kamera hazifiki. Kisha, ili tangi la eda lisikutwe tupu, akachukua koleo akakata kipande cha ukubwa wa ngumi kutoka kwenye tumbawe jingine la aina ileile na rangi ileile, akakiweka mahali pake. Tumbawe alilolikata lilikuwa kubwa kama meza, na kipande kimoja kisingeonekana. Kibao chake kilisomeka: Misali, ukoo wa Khatibu. Lilikuwa la kina Makame.

Nyuma ya pango, la Jibondo likapona. Rangi ikarudi, vikono vyake vidogo vikatoka kunasa chakula. Sekela alikuwa akipita hapo kila asubuhi anatabasamu peke yake, na furaha ile ndiyo iliyokuja kumtesa kuliko kitu kingine chochote. Siku ya arobaini Makame akakiosha kile kipande kwa uangalifu wake wote, akaandika katika daftari, akakiweka kwenye Tangi la Salamu pale mlangoni, mahali ambapo tumbawe jipya hukaa mwaka wake wa kwanza ili wenyewe walione kwa karibu. Akakibandikia kibao: Jibondo, Bi Somoe Bakari.

*

Jumanne Makame aliwaona minyoo mwenyewe. Hakufuta hata mmoja. Alipiga kelele.

"Daktari! Njoo huku! Tumeingiliwa!"

Daktari Bupe, mkuu wa kituo, alikuja akikimbia na sweta lake la kijani alilolivaa mwaka mzima. Aliinama kwenye kioo, akatazama, akasema neno la Kinyakyusa ambalo Sekela hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa msomi. Kisha akageukia skrini ya ukutani.

"Pacha, tuna minyoo bapa. Rangi ya kutu. Wameingia lini?"

Pacha hakuwa mtu wala roboti. Alikuwa bwawa la pili lililoishi ndani ya kompyuta. Kila kopo la chumvi, kila samaki, kila tumbawe lililoingia au kutoka liliandikwa, naye Pacha akaliishi humo ndani kwa haraka zaidi, akawaambia kesho itakuwaje na mwezi ujao utakuwaje. Kwa miaka minane hakukosea hata mara moja, na watu walikuwa wameshazoea kumwamini kuliko macho yao. Ila alijua kile tu alichoandikiwa.

"Katika miezi mitatu iliyopita hakuna tumbawe lililoingia Bwawa Kuu," Pacha alijibu kwa sauti yake ya adabu. "Kitu pekee kilichotoka chumba cha eda kikaingia humu ni mpira wa kufyonzea, wiki tano zilizopita. Aliyeuhamisha ni Makame Khatibu. Ikiwa minyoo walikuja na mpira huo, na wanaongezeka mara mbili kila wiki, leo ni kama elfu kumi na mbili."

Makame aligeuka polepole.

"Niliuosha," alisema. "Wallahi mpira ule niliuosha kwa maji moto, tena mara mbili."

"Hukuandika kwamba umeuosha," Daktari alisema.

"Sikuandika. Nani anaandika kwamba amenawa mikono?"

Sekela alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Alikuwa akipiga hesabu kichwani bila kutaka. Si wiki tano. Ni kumi. Ongeza mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka ufike mara tano. Si elfu kumi na mbili. Ni laki tatu na elfu themanini na nne.

Na idadi ndiyo iliyokuwa kila kitu. Dawa yenyewe ilikuwa ileile wanayonyweshwa mbuzi, na matumbawe haiyadhuru. Wanaodhuru ni minyoo, kwa sababu kila mmoja ana sumu mwilini na anapokufa anaiachia majini. Wakifa wachache, mkaa wa kuchujia unaimeza. Wakifa wengi kwa pamoja, bwawa linageuka supu ya sumu. Kwa hiyo kwanza unawafyonza kwa mpira, siku baada ya siku, mpaka wabaki wa kuhesabika, ndipo unatia dawa, kisha papo hapo mkaa na maji mapya. Usipojua ni wangapi, hujui chochote.

"Siku mbili za kufyonza," Pacha alisema. "Dawa Alhamisi saa tatu asubuhi. Magunia manne ya mkaa. Maji mapya theluthi moja ya bwawa."

"Vizuri," Daktari alisema. "Jumamosi ni Siku ya Salamu. Wageni watakuta kumeshatulia."

"Daktari," Sekela alisema, "kwa nini tusifyonze wiki nzima? Hata mbili?"

"Kwa sababu gani?"

"Nahisi tu kwamba ni wengi zaidi."

Daktari Bupe alimtazama. Hakuwa mjinga mwanamke yule. "Pacha hahisi, Sekela. Una kitu unachokijua?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, na Sekela aliuona. Aliiona pia ng'ambo ya mlango huo: pipa la chokaa lililoko uani. Tumbawe lililoingia bila kumaliza eda lilitupwa humo, liwe la nani, liwe la mwisho au la kwanza. Akisema, Makame anasafishika papo hapo, na la Jibondo linakwenda kwenye chokaa. Aliikumbuka mikono miwili ya Bi Somoe.

"Hapana," akasema.

Baadaye Makame alimkuta chumba cha kuhifadhia vyombo, anakunja mpira.

"Dada Sekela. Wewe unaamini kwamba si mie?"

"Nakuamini, kaka."

"Basi uko peke yako humu ndani." Alijaribu kucheka. "Unajua lile la Misali alilileta mama yangu? Na uzee wake, alilibeba mwenyewe. Tangu afariki, asubuhi nikilipitia huwa nalitolea salamu. Naona kama nimemwamkia yeye."

Sekela aliendelea kukunja mpira uliokuwa umeshakunjwa.

*

Walifyonza siku mbili. Watu wanne, mipira minne, kioo kwa kioo na jiwe kwa jiwe. Kila ndoo iliyojaa minyoo ilipimwa uzito, Pacha akaambiwa, kisha ikamwagwa kwenye sufuria la maji yanayochemka. Ni kazi ya kuumiza mgongo na ya kuchosha macho, maana minyoo wale hujibana kama wamegandishwa kwa gundi, na ukimkosa mmoja leo kesho utawakuta wawili.

Wenzake walipokwenda kula, Sekela alibaki. Alichukua mpira wake, akavaa miwani ya maji, akaingia nyuma ya pango.

Hapakuwa na jiwe huko. Palikuwa na zulia la rangi ya kutu kutoka juu hadi chini, linapumua. Tumbawe la Jibondo lilikuwa katikati, limefunikwa lote isipokuwa ncha. Sekela alijisikia vibaya kama mtu aliyefunua kitanda cha mgonjwa akakuta vidonda ambavyo wauguzi hawakusema. Alianza kufyonza. Alijaza ndoo tatu siku ya kwanza na nne siku ya pili. Hakuzipima wala hakumwandikia Pacha, kwa sababu Pacha angeuliza zimetoka wapi.

Jumatano alasiri zulia lilikuwa limechanika hapa na pale kama mkeka wa zamani, na baina ya michaniko jiwe lilionekana. Sekela akajiambia wamepungua. Akajiambia itatosha. Huo ulikuwa uongo, na ulikuwa mtamu kwa sababu ndani yake kulikuwa na kazi. Mtu mwenye hatia akipata kazi ya kufanya hujiona ameshatubu, na Sekela alifanya kazi siku mbili zile mpaka vidole vikamvimba.

Alipokuwa akijifuta alimsikia Daktari Bupe ofisini akimwambia Makame, bila ukali, kwamba baada ya Siku ya Salamu itabidi aondoke. Makame alijibu neno moja tu. "Sawa." Sekela alisimama nyuma ya ukuta na taulo mkononi. Alijiambia atasema baada ya dawa, la Jibondo likishakuwa salama. Mambo yote yakishakuwa salama, ndipo atasema.

*

Alhamisi saa tatu Daktari Bupe alimpa Sekela dumu la dawa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Makame, lakini sasa Makame alipangwa kwenye mkaa, mbali na chochote cha kuaminiwa.

"Mimina," Daktari alisema.

Sema sasa, Sekela alijiambia. Dumu lilikuwa zito. Alimtazama Makame upande wa pili, amekumbatia gunia lake la mkaa, anasubiri kwa utiifu wa mtu anayetaka aonekane anafaa. Sema sasa. Akamimina.

Kwa dakika kumi hakikutokea kitu. Kisha minyoo wa kwenye kioo wakaanza kujikunja na kuachia, wakaelea. Daktari akatabasamu. Ndipo wakaanza kutoka nyuma ya pango. Walitoka wengi, wakatoka wengine, wakaendelea kutoka, maji yakawa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Idadi hailingani na makadirio," Pacha alisema.

"Wanatoka wapi hawa?" Daktari aliuliza.

"Idadi hailingani na makadirio," Pacha alirudia kwa adabu ileile.

Samaki walipanda juu wote pamoja wakawa wanavuta hewa kwa midomo. Sekela alisikia sauti ikipiga ukelele, "Mkaa! Tieni mkaa wote! Fungueni maji!" na akatambua ni yake. Makame hakungoja. Alijitosa na nguo zake na viatu vyake, chujio mkononi, akawa anawazoa minyoo wanaokufa na kuwarusha nje, sumu ile ikimchoma mikono mpaka ikawa myekundu. Magunia manne ya mkaa yalimalizika. Maji mapya, ile theluthi ya bwawa, yalimalizika kabla ya saa sita. Mengine hayakuwepo, kwani maji ya chumvi hayakorogwi kama uji. Yanataka siku nzima yatulie ndipo yafae.

Ijumaa asubuhi nyama ya matumbawe ilikuwa ikibanduka kama utando wa maziwa, na chini yake mifupa myeupe. Walihesabu. Kati ya mia mbili na kumi na mawili, yaliyobaki hai yalikuwa thelathini na moja. La Misali halikuwamo. La Jibondo, nyuma ya pango, nalo halikuwamo, ijapokuwa hakuna aliyelihesabu isipokuwa Sekela.

Makame alikaa ukingoni mwa bwawa, bandeji mikononi. Alikuwa amekibandua kibao cha Misali, anakisugua kwa kidole gumba.

"Niliuosha," alisema, hakuna aliyemuuliza. Kisha akaongeza, "Au sikuuosha? Siku ile nilikuwa na haraka. Labda niliuosha ule mwingine."

Sekela alifungua kinywa. Aliona aibu ya kutosha kuangusha jengo lile, aliona huruma, aliona kila kitu anachopaswa kuona mtu kabla hajasema kweli. Akaenda nyumbani, nyumba ya tatu kutoka getini, akawaambia kwao ana homa.

*

Siku ya Salamu wageni walikuja wakiwa wameshapigiwa simu. Walisimama mbele ya Bwawa Kuu na kuita majina ya mahali pao kwa sauti ndogo, na wengine walilia. Hakuna aliyejua wanasalimu nini.

Aliyekuja na furaha alikuwa mmoja tu. Bi Somoe aliingia na ndoo ileile ya rangi, na ndani yake alikuwa amepanga visheti alivyompikia Sekela. Alikwenda moja kwa moja hadi Tangi la Salamu, ambalo maji yake hayakuchangamana na yale mengine, akaona kibao chenye jina lake, na chini ya kibao tumbawe zima, nono, lenye rangi.

"Shikamoo, mama," Sekela alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ehe! Tazama alivyonenepa! Hata kwetu hakuwa na rangi hii." Kisha akaona wale waliokuwa wakilia, akashusha sauti na kuvuta ushungi mdomoni. "Naona haya kufurahi mbele za watu. Lakini nifanye nini, mwanangu? Mlinitazamia."

Makame alikuja akiwa na begi begani. Alikuwa ameleta funguo.

"Na huyu ndiye aliyemwosha?" Bi Somoe aliuliza. "Mungu akulipe, baba."

"Ndiye mie, bibi," Makame alisema. Alitazama ndani ya tangi, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi uso wake ukatulia. "Huyu nilimwosha kweli. Huyu nakumbuka."

Sekela aliwatazama wote wawili wameinamia kipande kile kimoja. Akinyamaza, Bi Somoe atarudi Jibondo na furaha ya kumtosha maisha yake yote, na hakuna atakayeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia. Isipokuwa Makame, atakayepanda basi la kwenda kwao akiamini kwamba mikono yake ndiyo iliyoua tumbawe la mama yake. Akisema, atampa Makame haki yake kwa kumnyang'anya mama huyu. Hakukuwa na namna ya kumrudishia mmoja bila kumpokonya mwingine, na aliyepanga iwe hivyo ni yeye, kwa koleo, wakati wenzake wanakula.

"Kaka Makame," alisema. "Uliuosha mpira."

"Nini?"

"Uliuosha. Haukuwa mpira."

Alikwenda kwenye skrini. Daktari Bupe aliyekuwa na wageni aligeuka.

"Pacha, sahihisha," Sekela alisema, na alisema kwa sauti ili asipate pa kurudi. "Wiki kumi zilizopita, siku ya kumi na tisa ya eda, tumbawe la Jibondo liliingia Bwawa Kuu bila kuoshwa. Liliwekwa nyuma ya pango. Aliyeliweka ni Sekela Mwalwanda. Kilichobaki kwenye tangi la eda, na ambacho sasa kiko kwenye Tangi la Salamu, ni kipande cha Misali. Nilikikata mimi."

"Nimesahihisha," Pacha alisema. Kisha akafanya kile alichokuwa akikifanya siku zote anapopewa tarehe mpya, akaishi upya kila kitu. "Kwa tarehe hii, Jumanne minyoo walikuwa laki tatu na elfu themanini na nne. Nilipaswa kushauri siku kumi na tisa za kufyonza. Matumbawe ambayo yangebaki hai ni mia mbili na tisa."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo la mwisho. Ukumbi mzima ulilisikia. Daktari Bupe alitafuta kiti akakaa, akaufunika uso kwa mkono wa sweta lake.

Makame alikuwa bado kwenye tangi. Aliongea bila kugeuka.

"Huyu ni Misali?"

"Ndiyo, kaka."

"Ulimkata upande gani?"

"Wa nyuma. Ili usione."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alitia mkono mfukoni, akatoa kibao alichokibandua Ijumaa. Hakumtazama Sekela, na Sekela alijua kwamba hatamtazama tena.

Bi Somoe alikuwa amesimama kati yao, anasikiliza kama mtu anayefuata mazungumzo ya lugha ya pili. Taratibu akaelewa. Akanyoosha mkono, yeye mwenyewe, akakibandua kibao chenye jina lake na kumpisha Makame.

"Cha watu wapewe wenyewe," alisema. Kisha akamgeukia Sekela. "Na wangu?"

"Amekufa, mama."

"Nimesikia. Nipe hivyo hivyo."

Alivimwaga visheti mezani, vyote, akaishika ndoo tupu kwa mikono miwili na kungoja. Sekela akaingia majini na nguo alizovaa kwa ajili ya wageni. Nyuma ya pango tumbawe lilikuwa palepale alipoliweka, jeupe kama chaki, na minyoo waliokufa wameliganda kama makamasi. Alilileta kifuani. Aliona haya kumpa mama wa watu kitu kichafu namna ile, akalisogeza kwenye bomba ili alisuuze.

"Usimwoshe," Bi Somoe alisema. "Siku ya kumwosha ilikuwa ile ya arobaini."

Akalipokea na uchafu wake, akalitia ndani ya ndoo, akaweka mfuniko.